Anaumwa Kidogo Tu

Mimi sijawahi kusikia mtu anapandishwa ndege kwenda kumwona mgonjwa anayeumwa kidogo. Hilo ndilo lililonishtua tangu mwanzo. Kabula, mjukuu wangu anayefanya kazi halmashauri pale Bariadi, alikuja nyumbani Zagayu siku ya Jumanne, siku ya kazi kabisa, amepanda bodaboda. Akanikuta nachambua pamba. Akapiga magoti, akasema, "Mwangaluka, guku." Guku ni babu, ndivyo tunavyoitana sisi. Nikaitika.

"Guku Luhaga anaumwa kidogo," akasema. "Anataka kukuona. Kesho tunapanda ndege Mwanza."

"Kidogo namna gani?"

"Mguu tu."

Luhaga ni mdogo wangu, tumbo moja. Alihama na ng'ombe zamani kwenda kusini, akitafuta majani, sasa yuko Lindi huko na watoto wake. Miaka kumi na minane hatujaonana, tunaongea kwenye simu tu, na siku za karibuni hajanipigia. Sasa nikawaza, mguu tu, halafu ndege. Mtu wa mguu tu unamfuata kwa basi.

Nikamwambia, "Mpigie niongee naye."

Akampigia Ndaki, mtoto wa Luhaga. Akanipa mgongo, akasogea mpaka kwenye zizi, wakanong'ona. Akarudi akasema, "Amelala, guku."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mtu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote, nani amemwona amelala saa nne asubuhi.

Hiyo kazi naijua, niliwahi kuifanya mwenyewe. Mama yetu alipofariki nilimtumia Luhaga maneno kwamba mama anaumwa kidogo, njoo. Sisi ndivyo tunavyofanya, mtu asije akaanguka njiani na habari mbaya kifuani. Alisafiri siku tatu kwenye mabasi, amemnunulia mama blanketi jipya la kumfunika. Akakuta kaburi, udongo umeshakauka juu. Hakunitukana. Alilitandika lile blanketi pale juu ya kaburi, akakaa chini. Siku ya kuondoka akaniambia, "Kaka Machibya, kuanzia leo ukiniambia mtu ni mzima, nitaamini nikimwona kwa macho." Hakurudi tena.

Basi mimi siku ile nikawa naangalia watu wanavyofanya. Katekista Elia akaja kunishika mkono, akaushika muda mrefu. Mke wa jirani, ambaye mbuzi wake tumegombania msimu mzima, akaniletea kuku aliyepikwa. Watu wamekuwa wema ghafla. Kabula akifunga begi lake nikaona kanga mbili nyeusi. Nikamuuliza hizo za nini, akasema kwenye ndege kuna baridi.

Mimi nikajaza michembe kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, maana viazi vyetu vya kukausha huko Lindi hawavijui, na Luhaga kila alipopiga simu aliviulizia. Nilijua labda namfungashia mtu asiyekuwepo. Lakini mkono ulikataa kuacha, nikajaza mpaka juu.

Mwanza uwanjani wakaipitisha ndoo kwenye mashine, askari akaifungua.

"Mzee, hii si michembe?"

"Ni michembe."

"Ya wapi?"

"Zagayu, Itilima."

Akacheka, kumbe mtoto wa Maswa, kwao Ipililo. "Pita baba. Unampelekea nani utamu huu?"

"Mdogo wangu," nikasema. Nikamtazama Kabula. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Hilo nalo nikaliweka moyoni pamoja na mengine.

Ndege ikapaa. Watu wanasema ndege inatisha, mimi sikuwa na nafasi ya kuogopa ndege. Ziwa likabaki chini, dogo, linang'aa, halafu mawingu. Nikasubiri mpaka dada wa vinywaji amepita, nikamwambia Kabula, "Hapa hakuna pa kukimbilia. Luhaga amekufa lini?"

"Hajafa, guku."

"Apa."

"Haki ya Mungu hajafa."

"Basi mbona huniangalii?"

Akageukia dirisha. Halafu akasema, "Kuna kitu kingine. Baba mdogo Ndaki alisema tusikuambie mpaka ufike, utakasirika."

"Mimi nikikasirika nitamfanya nini mtu, na huu mkanda mmenifunga?"

Akacheka, machozi yakamtoka palepale. Sasa mtu anacheka na kulia pamoja, wewe ungeelewa nini? Nikamwacha. Na kile kiapo sikukitegemea. Yule niliyemtuma kumwambia Luhaga habari za mama naye aliapa, na aliapa kwa sababu mimi nilimwambia aape.

Dar es Salaam tukabadilisha ndege, tukapanda nyingine ya Mtwara, ndogo kidogo. Ndoo nikaishika mwenyewe muda wote.

Tukashuka Mtwara mchana, joto. Ndaki alikuwa amesimama mlangoni, mtu mzima sasa, ana kitambi. Akavua kofia kunisalimia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upara, ngozi bado nyeupe.

Sisi tunanyoa hivyo kwa ajili ya msiba. Msiba wa karibu, wa ndani. Nikamtazama Ndaki kichwa, nikamtazama Kabula, nikakaa juu ya ndoo yangu.

"Mwadila, baba mkubwa," Ndaki akasema. Ndiyo salamu yetu ya mchana.

Sikuitika. Nikasema, "Nipelekeni mochwari moja kwa moja. Msinizungushe."

"Baba mkubwa, baba yupo hai."

"Na hicho kichwa?"

Akakishika kichwa chake kama mtu aliyesahau. Akasema, "Twende ukaone mwenyewe. Nikikueleza hapa hutaniamini."

Ni kweli nisingemwamini. Tukapanda gari. Tulipoingia hospitali niliangalia tutakata kona ya upande gani. Tukaenda wodini.

Kitanda cha tatu alikuwa amekaa mzee amekonda, mguu wa kulia umefungwa bandeji mpaka karibu na goti, kichwa kimenyolewa kama cha Ndaki. Luhaga. Nikataka kumkimbilia. Yeye akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Huyu ni nani mmeniletea?" akasema.

"Ni mimi, Machibya."

"Machibya amekufa. Nimeshamnyolea."

Ndaki akaanza kunieleza haraka haraka. Mwaka huu wakati wa mvua mimi niliumwa, wiki mbili simu yangu akaishika mwanangu Salu, kila Luhaga akipiga anaambiwa baba amelala. Nilipopona nikang'olewa meno ya mbele, sauti ikabadilika, inapiga mluzi. Luhaga kuisikia akasema huyo siyo kaka, huyo ni Salu anaigiza, kaka amekufa wananificha. Akakataa kuishika simu tena. Akanyoa, akawanyoa na watoto wake. Na sasa mguu umeoza kwa kisukari, madaktari wanataka kuukata kabla haujapanda juu, amekataa. Anasema yeye hakatwi na watu waongo.

"Tungekuambiaje kwenye simu, baba mkubwa," Ndaki akasema, "kwamba mdogo wako anakukalia matanga?"

Sikukasirika. Ningemkasirikia nani? Uongo ule niliupanda mimi, kwenye kaburi la mama.

Luhaga akasema, "Lete mkono wa kushoto."

Nikampa. Kidole cha shahada hakina ncha. Akakishika, akakiminya.

"Kilikatwa na nini?"

"Kila mtu anajua ni panga," nikasema. "Lakini ni mnyororo wa plau. Wewe ulikuwa unaswaga maksai, ukawashtua nikiwa naufunga. Ukalia kwamba baba atakuua. Tukamwambia nimejikata mwenyewe."

Akaendelea kukishika kile kidole. Halafu akasema, taratibu, "Umezeeka vibaya, kaka. Na nywele zangu umezila bure."

"Zitaota."

"Na hiyo ndoo?"

"Michembe."

Akaweka mkono juu ya mfuniko. Lakini uso ukabadilika tena, akanivuta karibu. "Sasa kama wewe ni mzima, kwa nini wamekuleta kwa ndege? Ndege ni ya msiba. Wamekuambia nini kuhusu mimi?"

"Hawajaniambia kitu. Mimi nilijua umekufa."

"Usinifanyie kama kwa mama."

"Sikufanyii. Nilikosa, Luhaga. Miaka yote hii nilikuwa natafuta namna ya kulisema, nalisema leo. Tumwite daktari, aseme mbele yetu wote wawili, wewe unamsikia na mimi namsikia."

Daktari akaja, mama mmoja mpole anaitwa Generoza. Hakuzunguka. Alisema wakikata leo chini ya goti, ana nafasi nzuri ya kupona. Wakingoja wiki, watakata juu zaidi, au hawatakata kabisa kwa kuwa atakuwa ameshakufa. Luhaga akanitazama mimi, siyo daktari.

"Ndivyo ulivyosikia?"

"Ndivyo nilivyosikia."

Akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi ya kukubali kukatwa.

Akataka kula mchembe mmoja kwanza, nesi akakataa, tumbo liwe tupu. Akasema basi kaka aishike ndoo, asimpe Ndaki. Wakamsukuma na kitanda. Sisi tukakaa kwenye benchi, mimi, Kabula na Ndaki. Jua likahama kutoka upande huu wa ukuta mpaka ule.

Mwisho nesi akatoka, kijana mzuri, anatabasamu. "Wazee, msiwe na wasiwasi. Ametoka salama, ila kwa sasa amelala."

Kabula akashusha pumzi. Ndaki akavaa kofia yake.

Mimi nikanyanyuka na ndoo yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, asante sana. Sasa nionyeshe."