Dole Gumba la Kasimiri

Moshi ndio ulioanzisha yote. Kila Ijumaa maabara ya Gaspar pale Kinyerezi ilichoma magunia mawili ya sahani za plastiki, zile ndogo bapa za kuoteshea bakteria, na kila Ijumaa masizi yalitua juu ya nguo za majirani zilizoanikwa. Mwishowe majirani walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wamebeba mashuka yao kama ushahidi. Gaspar alipotoka kwenye kikao hicho alimwita Tupokigwe, mtaalamu wake wa kupima maji ya visima.

"Tupo, nitafutie sahani nyingine. Nakupa mwezi. Ziwe za kutumia tena na tena, na zisiniharibie majibu."

Tupokigwe alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu asiyekurupuka. Alijua kwamba jibu ni kioo, lakini si kioo chochote. Kuna kioo kinachopasuka kikikutana na mvuke, kuna kinachofifia kwa sabuni mpaka huoni kilichoota ndani, na kuna sahani ambazo mfuniko haukai sawa, vumbi likaingia. Aliulizia kwa mafundi wenzake, na mmoja akamwelekeza Segerea kwa mjane aitwaye Anastasia, ambaye marehemu mume wake, Kasimiri, alikuwa fundi wa maabara kwa miaka thelathini.

Mama Anastasia alimtolea makasha matatu kutoka uvunguni.

"Kazini kwao walipohamia plastiki, hizi zilikuwa zinatupwa," alisema. "Akazibeba. Alikuwaga anazishika kama mayai. Chukua, mwanangu. Mie zinanitia upweke tu."

Tupokigwe alizikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Zilizokwaruzika alizitenga, zilizomeguka ukingo alizitenga. Zikabaki mia moja na ishirini, safi, nzito, za kioo cha kuhimili moto. Alizipa namba kila moja, akamkabidhi Lulu, msichana aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara. Lulu aliziosha kwa sabuni na maji ya moto, akazifunga kumikumi kwa karatasi ya kaki, zikaingia kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wa moto mkali unaoua kila chenye uhai. Zilipotoka, Tupokigwe alimimina agari, ule uji unaoganda kama jeli na kuwalisha bakteria. Kabla ya kuziamini aliziacha zote tupu, bila tone la maji ya kisima, akaziweka kwenye kabati la joto mpaka kesho yake. Sahani tupu ikibaki tupu, ni safi.

Asubuhi zote zilikuwa tupu, isipokuwa namba kumi na nne.

Ndani yake palikuwa na alama ya dole gumba. Si uchafu unaofanana na dole, bali dole lenyewe: mistari myembamba ya utando mweupe, duara ndani ya duara, na katikati njia moja tupu imekata kimshazari, kama kovu.

"Lulu, umegusa hii?"

"Dada, mie navaa glavu. Na mfuniko sijaufungua."

Tupokigwe aliigeuza sahani, akaichungulia kwa chini. Dole halikuwa juu ya agari. Lilikuwa chini yake, kati ya agari na kioo. Aliyeligandamiza alifanya hivyo kabla agari haijamiminwa, ndani ya bunda lililofungwa kwa karatasi.

Aliipiga picha, akaipika upya kwa mvuke, akasema moyoni ni ajali. Sahani zilizotoka safi zilianza kupimia maji ya visima, na siku mbili baadaye, zilipooshwa na kujaribiwa upya zikiwa tupu, dole lilitokea kwenye namba thelathini na moja. Namba kumi na nne safari hiyo ilikuwa safi kabisa. Wiki iliyofuata likatokea kwenye namba tisa. Kovu lile lile, pembe ile ile. Alama iliyochongeka kwenye kioo isingeweza kuhama. Hii ilihama.

Gaspar aliagiza kila mtu agandamize dole lake kwenye agari, yeye mwenyewe akiwemo. Yalipoota waliyapanga mezani pamoja na lile la namba tisa. Hakuna lililofanana nalo. Nje mitambo ya kufua umeme kwa gesi ilikuwa ikivuma kama kawaida yake.

"Tupo, mambo ya kishirikina sitaki kwenye maabara yangu," Gaspar alisema, lakini alikuwa amesogea hatua mbili mbali na meza. "Rudisha hivyo vioo. Tutatafuta pa kupeleka plastiki."

Siku hiyo hiyo Lulu aliomba ruhusa. Alikuwa na homa, tumbo linamkata, uso umemwiva. Walimpeleka zahanati kwa bajaji.

Tupokigwe alikwenda Segerea kuomba arudishe makasha, na alikusudia kusema tu kwamba hayakufaa. Lakini Mama Anastasia, baada ya kuitikia shikamoo, alimtazama mara moja tu.

"Umeona kitu."

Tupokigwe alitoa simu, akamwonyesha picha. Mama yule aliishika karibu na macho, kisha akaingia chumbani. Alirudi na hati ya mauziano ya kiwanja iliyokunjwa mara nne. Chini kabisa, pembeni ya jina la mnunuzi, Kasimiri, palikuwa na dole gumba la wino: duara ndani ya duara, na njia tupu kimshazari.

"Tindo lilimkata akiwa mdogo, akichonga vinyago na baba yake kule Newala," alisema. "Nimelishika hilo kovu miaka ishirini na sita."

Tupokigwe aliilinganisha na picha kwenye simu, mstari kwa mstari. Kasimiri alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Mama Anastasia hakulia wala hakushangaa. Aliuliza swali ambalo Tupokigwe hakulitegemea.

"Hizo sahani zilizotoka dole, kwenye mashine zilikaa wapi?"

"Sijui, mama. Kwa nini?"

"Kwa sababu Kasimiri hakuwa anaiamini mashine yoyote. Kabla ya kuiwasha alikuwa anabonyeza dole ndani ya sahani moja, anaifunga, anaitia katikati kabisa ya mzigo. Ikishapikwa anamimina uji wake humo. Dole lisipoota, mvuke umefika. Likiota, anazima kila kitu, hakuna kazi siku hiyo. Wenzake walimchekaga."

Tupokigwe alirudi Kinyerezi akiwa amekaa ukingoni mwa kiti cha daladala. Alifungua daftari ambamo Lulu aliandika namba za kila bunda na lilipowekwa. Kumi na nne: katikati, chini. Thelathini na moja: katikati, chini. Tisa: katikati, chini.

Alichukua vipande vya kupimia, karatasi zenye mbegu za bakteria sugu zinazotakiwa kufa kwenye mvuke kamili, akavifukia katikati ya mzigo na kuwasha. Geji ilisoma nyuzi mia na ishirini na moja, bila kutetereka, dakika zote ishirini. Alipoviotesha, mbegu zote zilikuwa hai.

Fundi alipofungua mashine alikuta kichujio cha njia ya kutolea hewa kimeziba kwa masalia ya agari. Hewa baridi ilikuwa inabaki chini, mvuke unapita juu, na geji inasoma juu. Hakuna aliyeweza kusema ni tangu lini. Na mashine hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitegemewa kupika sahani zilizotumika, zenye bakteria wa visima vya watu, kabla Lulu hajazikwangua na kuziosha.

Gaspar alikaa kwenye kiti chake, kichwa mikononi.

"Amekuwa akiosha vilivyo hai," alisema. "Mtoto wa watu."

Walipiga simu zahanati, wakamweleza daktari aina ya vijidudu ambavyo Lulu alikuwa akivishika, na dawa ikabadilishwa. Siku ya nne aliketi kitandani akaomba uji wa ulezi. Gaspar alimpelekea mwenyewe, kwenye chupa ya chai, akamwomba radhi.

Sahani za kioo zilibaki. Tupokigwe aliandika mapendekezo yake: mabunda ya sahani sita badala ya kumi, yapangwe kwa nafasi, kipande cha kupimia katikati kila mzigo, na plastiki chache za safari za mbali tu. Baada ya mashine kutengenezwa alipika sahani zote mara tano. Kila asubuhi zilikuwa tupu. Mara ya sita alivua glavu, akabonyeza dole lake mwenyewe ndani ya namba tisa, akaificha katikati. Nayo ikatoka tupu.

Lakini lile dole la kwanza la namba tisa lilikuwa bado hai. Kabla ya kuipika mara hizo zote, Tupokigwe alikuwa amekihamisha kipande cha agari chenye dole kwenye sahani nyingine, akakitunza kwenye friji. Mama Anastasia aliposikia aliomba apewe.

"Siwezi, mama. Ni bakteria hai. Lazima nikiue."

"Basi nije nikione kwanza."

Alikuja Jumamosi, amevaa gauni la kanisani. Walimpa koti jeupe na glavu. Alilitazama dole kupitia mfuniko muda mrefu, akaweka lake juu ya kioo, palepale lilipokuwa lile. Kisha akaiweka sahani kwenye mashine kwa mkono wake, akasimama mbele ya mlango dakika zote ishirini, midomo ikimcheza bila sauti.

Mvuke ulipotolewa kwa mluzi, Lulu, aliyekuwa amerudi kazini, alirudi nyuma hatua moja. Mama Anastasia hakusogea.

Tupokigwe alifungua. Agari ilikuwa imeyeyuka, angavu kama maji.

"Amemaliza," mama alisema. Akavua glavu, akaomba aonyeshwe pa kunawia mikono.