Sita Katika Mia

Mfugaji alifariki Jumanne asubuhi, ameketi kizingitini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mkewe alikuwa jikoni akimlalamikia kuhusu bawaba ya mlango, na alilalamika kwa muda mrefu kabla ya kujiuliza mbona leo mtu huyu habishi.

Waliokuja kumpa pole waliwakuta kondoo juu ya paa. Si wote, kumi na mmoja hivi. Walipanda kupitia rundo la kuni, wakasimama juu ya mabati wakitafuna na kuwatazama watu walio chini.

"Hata hawa wamefiwa," alisema shemeji wa mjane, mdogo wa marehemu, fundi viatu ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu. Kisha akajifunika uso kwa kofia, maana mwenyewe hakujua kama analia au anacheka.

Kondoo walikuwa hamsini. Mjane hakujaaliwa mtoto. Alichoachiwa duniani kilikuwa na miguu mia mbili. Jioni ya mazishi aliwahesabu kwa kuwagusa migongo, akajiapia kwamba hatatoka hata mmoja.

Lakini mfugaji akifa, kundi huandikishwa upya kwa jina la mrithi. Zisipopatikana karatasi ndani ya miezi miwili, kundi zima linapelekwa mnadani. Basi akaja bwana mifugo na fomu yake. Mstari wa kwanza uliuliza aina ya mnyama. Akaandika "kondoo", akatazama juu ya paa, akafuta.

"Mama, hawa ni kondoo kweli?"

"Kama si kondoo, miaka yote hii nafuma masweta kwa manyoya ya nani?"

"Kondoo hapandi paa."

"Wa kwenu hamjawawekea kuni," shemeji akadakia.

Bwana mifugo akafungua mkoba wake. Alitoa damu kwa kila kondoo, vichupa hamsini, wale wa juu wakishushwa mmoja mmoja na shemeji kwa kamba, na matusi mengi. Wiki tatu baadaye alirudi na karatasi ndefu. Safari hii alifuatana na bwana wanyamapori, kijana wa sare ya kijani na buti zilizong'arishwa.

"Kundi lako limechanganyika na kondoo mwitu wa mlimani," bwana mifugo alisema. "Sita katika mia ya damu yao ni ya kule. Si jambo la jana. Ni la miaka mingi, na haliingii lango likiwa limefungwa."

Mjane akakaa chini. Kila mwaka, majira ya kupandisha, mumewe alikuwa akiacha wazi lango la juu. Kila mwaka alimgombeza kwa usahaulifu, naye akijipiga paji la uso, "Kichwa changu hiki, mke wangu." Na kila mwaka wanakondoo wa majirani walikohoa na kufa mvua zilipoanza, wa kwao wakilowa na kuendelea kurukaruka. Miaka ishirini na miwili alimwita msahaulifu! Alitamani afufuke kwa dakika tano tu, amgombeze kwa kosa lililo sahihi.

Bwana wanyamapori akakohoa kidogo. "Cha mwituni ni cha mwituni. Sita katika mia ya kundi hili si yako, mama."

"Chukua basi," shemeji akasema. "Unaanzia kwato au masikio?"

"Sita katika mia ya hamsini ni watatu," kijana akajibu, wala hakucheka. "Tukiwarudisha watatu mlimani, wanaobaki arobaini na saba ni kondoo halali."

"Kihesabu ni sawa," bwana mifugo akaunga mkono.

"Mwanangu," mjane akasema, "kila mmoja anayo kidogo. Chai ikishatiwa sukari, utaitoa sukari kwa kumwaga kikombe kimoja?"

"Mama, ofisi yetu haishughuliki na chai."

Bila watatu hakuna karatasi, na bila karatasi hakuna hata mmoja. Aliwaambia wachague wenyewe. Wenye sura ya kimwitu hasa walikuwa juu ya paa, na buti za kijana hazikutaka kuni. Walichukuliwa majike watatu wazee, wapole kuliko wote, waliojileta wenyewe kwa kufuata harufu ya mkate mfukoni mwa bwana mifugo.

Gari lilipanda barabara ya mlimani, ileile iliyopandishwa jeneza. Mazishini mjane hakuwa ametoa chozi, na watu walimsema. Siku hiyo aliketi juu ya rundo la kuni akalia mpaka kondoo wa juu ya paa wakainamisha vichwa kumchungulia.

Shemeji alikwenda kama shahidi. Alieleza baadaye kwamba kijana aliwashusha kondoo, akawasomea karatasi: kuanzia saa hii ninyi ni wanyamapori. Wale watatu walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakageuka wakateremka moja kwa moja. Barabara ina kona nyingi. Gari lilipofika uani, walikuwa wameshasimama mlangoni pa jikoni.

"Hawa hawawezi kuwa hapa," kijana akasema.

"Waambie wenyewe," shemeji akajibu.

"Fomu nimeshaipiga muhuri," bwana mifugo akasema. "Arobaini na saba. Hawa si wa mama tena. Ni wanyamapori waliokuja kutembea."

"Kuna sheria inayowakataza kutembea?" mjane akauliza.

Kijana alipekua kijitabu chake kurasa zote. "Hakuna. Ila nikiwakuta kwenye doria lazima niwarudishe."

Shemeji alikuwa ameshaanza kucheka. Mjane hakucheka. Aliwapapasa migongo, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Manyoya yalikuwa yamejaa vumbi jekundu la kule juu, na bado yana joto.

"Doria yako ni lini?"

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi."

"Njoo," akamwambia. "Usikose."

Siku hizi gari la kijani hufika saa tatu asubuhi. Majike watatu hupanda wenyewe nyuma. Saa saba huwa wamerudi kwa miguu, na mjane huwa amesimama kwenye lango la juu, ambalo halifungwi.