Samaki Kabla ya Saa Tano

Gerben hakupenda kuambiwa la kufanya, na Trui hakuwa na kazi nyingine ila kuwaambia watu la kufanya. Hata hivyo walikuwa wamekaa meza moja kila Jumamosi asubuhi kwa miaka mitatu, katika ukumbi wa mtaa pale uwanja wa soko, katika mji wa Meppel, wakiwatengenezea watu vitu vyao bure. Taa, redio, mashine za kahawa, kompyuta. Gerben alikuwa na miaka hamsini na miwili, fundi wa lifti, na mambo ya kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kuzifungua na kuziharibu. Trui alikuwa mstaafu. Miaka ishirini na sita alikagua televisheni katika kiwanda kimoja huko kusini, na sasa vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, hata skrubu ndogo hakuweza kuishika. Kwa hiyo mikono ilikuwa ya Gerben, na mdomo ulikuwa wa Trui.

Pale ukumbini mwenye kitu haachi kitu chake akaenda zake. Anavuta kiti, anakaa kando ya fundi, anashika tochi. Jumamosi hiyo kiti kilikaliwa na mzee Evert, mfuga njiwa wa mashindano, aliyeileta kompyuta yake nyuma ya baiskeli, ndani ya kreti, imefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Ilizimika Jumanne na haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na nasaba ya njiwa wake wote kwa miaka thelathini na mmoja: dume yupi kwa jike yupi, kinda yupi alitoka Ufaransa akafika wa kwanza, yupi alipotea njiani. Januari ilikuwa inakwisha, na wiki iliyofuata ilikuwa ya kuwaoza njiwa. Bila ile orodha angewaoza ndugu kwa ndugu na kuharibu damu aliyoijenga tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Gerben alimuuliza kama alikuwa na nakala. Mzee alimtazama kama ameombwa ufunguo wa nyumba. Nakala ni kitu cha kuibiwa, alisema, na katika chama chao kulikuwa na watu wanne ambao wangeng'oa jino ili waione orodha ile.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgumu. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ilikuwa imekufa, na Evert alikuwa amekuja na mpya kwenye boksi lake. Gerben alifungua skrubu nne, akaitoa ile ya zamani na vumbi lake na manyoya mawili ya njiwa, akaisukuma mpya mahali pake. Nyaya za pawasaplai za namna hii huchomolewa ncha zote mbili. Ile nene ya bodi kuu aliibadilisha, na ya prosesa pia. Alipofika kwenye ile inayolisha diski na kisomea CD akasita. Mkwe wa Evert aliwahi kuipitisha nyuma, akaifunga kwa vikamba vya plastiki kumi na kimoja, imenyooka kama mstari wa rula. Gerben akaijaribu ncha yake kwenye pawasaplai mpya. Ikaingia, ikalia ta.

Basi kwa nini akate vikamba kumi na kimoja na kutupa waya mzima? Watu wa pale hukunja hata karatasi ya zawadi wakaitumia tena mwaka unaofuata. Waya mpya akauacha ndani ya mfuko wake, akaurudisha kwenye boksi.

Alipotaka kuwasha, Trui akamshika kiwiko. Diski kwanza, alisema. Ilikuwa sheria yake: kitu chenye mali ya mtu hakiunganishwi mpaka mashine imekaa na moto wa umeme muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

"Trui, hii si televisheni ya mwaka sabini na nane," Gerben alisema.

"Ndiyo maana siiamini."

Akachomoa diski kwa kununa, akampa Evert. Mzee akaitandikia kitambaa cha vyombo mapajani, akaishika kwa mikono miwili kama kinda aliyeanguka. Kwenye waya ule pakabaki kisomea CD peke yake.

Gerben akabonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, kompyuta ikalalamika haioni diski, jambo ambalo kila mmoja alilijua. Evert akashusha pumzi ya siku nne. Trui akamimina kahawa, akafungua kopo la biskuti, akampa kila mtu moja, akalifunga.

Kahawa ilikuwa haijafika nusu Gerben aliposikia harufu ya samaki. Haikuwa kali. Dirisha lilikuwa wazi, kwa kuwa Trui alifungua madirisha hata baridi ya kukata masikio, na pale nje uwanjani lilisimama gari la Roelof, muuza samaki. Gerben akasema Roelof ameanza kukaanga. Evert naye akavuta pumzi, akasema kweli, na tumbo lake limeshasikia.

Trui akaweka kikombe chini.

"Saa ngapi?"

"Nne na dakika ishirini."

"Roelof hawashi mafuta kabla ya saa tano. Kabla ya hapo ni samaki mbichi wa chumvi tu, na huyo humsikii mpaka umtie puani." Alikuwa ameshainama. Aliishika plagi kwa vidole vile vilivyopinda, akaing'oa ukutani mwenyewe.

Feni ikanyamaza. Trui akafumba macho, akapitisha pua yake juu ya mashine polepole, kutoka nyuma kwenda mbele, bila haraka na bila aibu, mbele ya watu wote ukumbini. Gerben alitaka kucheka, kicheko kikagoma kutoka. Pua ikasimama juu ya kisomea CD.

"Hapa. Kuna plastiki ikipata moto hunuka samaki kwanza, kabla haijanuka kuungua. Kule kusini Wakatoliki wanakula samaki Ijumaa, kwa hiyo kiwandani tulikuwa tunasema Ijumaa imefika. Anayeisikia wa kwanza anazima, hata kama bosi yupo."

Gerben akagusa kile chuma, akaurudisha mkono upesi. Kisha akafanya alichopaswa kufanya nusu saa kabla. Akautoa waya mpya kwenye mfuko, akautandaza mezani, akauchomoa ule wa zamani upande wa pawasaplai, akazilinganisha ncha mbili. Umbo lilikuwa moja. Lakini mahali pa waya mwekundu katika ule mmoja, katika mwingine palikaa wa njano. Kila kiwanda hupanga kivyake. Moto wa volti kumi na mbili ulikuwa ukipita palipotakiwa tano.

Alilijua jambo hilo. Aliwahi hata kumweleza mtu mwingine, kwenye meza ile ile.

Akatazama mapaja ya Evert. Kama diski ingekuwa kwenye waya, ingekufa kabla Trui hajafungua kopo la biskuti, bila moshi, na pengine bila harufu yoyote.

Angeweza kusema kisomea CD kilikuwa kizee. Evert asingejua. Trui hakumtazama, alikuwa akichungulia ndani ya kikombe chake kama mtu anayetafuta kitu huko, na Gerben akaelewa kwamba amemwachia nafasi.

"Mzee Evert, kosa ni langu," alisema. "Nimetumia waya wa zamani kwa uvivu. Diski ingekuwa humu, ingeungua."

Mzee aliitazama diski mapajani.

"Njiwa wote?"

"Wote."

"Na huyu mama kawanusa."

"Kawanusa."

Evert akamgeukia Trui, akasema kinda jike wa kwanza mwaka huu atamwita jina lake. Trui akamkataza. Akipotea Ufaransa, alisema, mji mzima utasikia kwamba Trui kapotea na wanaume.

Gerben akakata vikamba vyote kumi na kimoja. Akautoa waya wa zamani, akautupa kwenye ndoo, akaweka mpya, na kisomea CD akakiacha nje. Akawasha. Safari hii alimimina kahawa mwenyewe, na walikunywa kikombe kizima, mpaka chini.

"Nusa tena," akamwambia Trui.

"Nusa wewe."

Akainama. Mwanzo aliona haya, kisha akafumba macho kama alivyomwona akifanya, akapitisha pua nyuma kwenda mbele. Vumbi. Kahawa. Harufu ya mbali ya kibanda cha njiwa. Trui akaitikia kwa kichwa, na Gerben, mtu mzima mwenye vyeti vya lifti ukutani, alifurahi kama aliyepewa cheti kingine.

Akazima, akaichukua diski mapajani mwa Evert, ina joto la mikono yake, akaiunganisha, akawasha. Orodha ikafunguka. Evert akasoma namba ya pete moja kwa sauti ndogo, kisha jina la mama yake njiwa huyo, kisha la bibi yake, na hakuweza kuendelea.

Trui akampa dakika yake. Halafu akatoa flashi mfukoni, akasema nakala inatengenezwa leo, hapa hapa, na akitaka aifiche ndani ya soksi. Mzee akatazama kushoto na kulia kama wale watu wanne wamo ukumbini, akakubali.

Nakala ilikuwa inaenda harufu ya samaki ilipoingia tena, nzito, ya mafuta. Gerben aliruka, mkono ukafika kwenye plagi kabla hajafikiri.

Trui hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameshaanza kumsikiliza mtu aliyefuata, aliyeleta taa mbovu.

"Huyo ni Roelof," alisema. "Toa mkono."