Safari Iliyomsubiri Mama

Fundi cherehani alipata viza ya muda ya kumfuata mumewe ng'ambo, na wiki ileile mama yake akapooza upande mmoja. Akaahirisha safari, kisha akaahirisha tena. Kutwa alikuwa akimgeuza mama kitandani, akimlisha, kisha anarudi kushona huku mgongo ukimuuma.

"Kwani hunitaki tena?" mumewe aliuliza kwenye simu.

"Nakutaka. Nimechoka tu, mume wangu. Hata begi siwezi kulifunga."

"Basi nakuja mimi, nitachukua likizo."

Akaja kweli. Asubuhi ya kwanza alimpikia mkwewe supu.

"Chumvi imezidi, baba," mama alisema kwa shida, lakini akaimaliza.

Mkewe hakusikia. Alikuwa amelala fofofo, na hakuna aliyemwamsha kuzungumzia viza.