Kiti cha Nyuma

Bi Mwahija, afisa elimu kata, alikuwa na sharti moja anapokagua darasa: kiti cha nyuma, na mdomo autie kufuli. Asubuhi hiyo alikuwa darasa la sita, kisiwani Songo Mnara, mkuu wa shule, Mwalimu Suleiman, kando yake. Mbele alisimama Clemence, kijana wa Rutamba, mbali na bahari, mwezi wa pili kazini, akifundisha kupwa na kujaa kwa maji.

"Bamvua hutokea mwezi ukiwa nusu," alisema Clemence, akaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa.

Lahaula! Watoto wa wavuvi wakatazamana. Bamvua, yale maji yanayojaa na kukauka kupita kiasi, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kisiwani hilo halina mwalimu. Suleiman akakohoa, akataka kuinuka. Bi Mwahija akamshika mkono, akamketisha. Yeye mwenyewe aliwahi kunyang'anywa chaki na mkaguzi mbele ya wanafunzi. Walimcheka mwaka mzima, nusura aache kazi. Hakutaka kijana huyu ayaonje.

"Maji yanatoka, Bi Mwahija," Suleiman alinong'ona. "Mwambie sasa hivi uondoke, la sivyo mashua itakwama."

"Ikwame."

Kipindi kilipokwisha aliingia na Clemence stoo ya vitabu, wawili tu, akamweleza. Kijana alitota jasho.

"Watoto walijua?"

"Wote."

"Mbona hukunisahihisha palepale, mama?"

"Darasa ni lako, mwanangu. La kufanya utaamua wewe."

Alipofika pwani, mashua ilikuwa imelala matopeni. Ilibidi asubiri hadi mchana, fomu ya ukaguzi mkononi, hajaijaza. Mara akasikia kelele: darasa la sita zima linateremka, Clemence mbele.

"Jana usiku mwezi ulikuwaje?" Clemence aliuliza.

"Mpevu!"

"Na maji leo?"

"Yamekauka mpaka kule!"

"Basi mimi nilikosea, na ninyi mlijua. Haya, nifundisheni."

Vidole vikapaa. "Mimi, mwalimu! Mimi!" Hakuna aliyemcheka. Walimzunguka, wakimgombania.

Bi Mwahija aliona fahari mpaka machozi yakamlengalenga, kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa kijana yule.

"Kwenye sehemu ya marekebisho utaandika nini?" aliuliza Suleiman, aliyekuwa amemsindikiza.

Aliandika: *Amerekebisha mwenyewe.* Kisha akaketi kwenye ukingo wa mashua iliyokwama, nyuma ya mtoto wa mwisho, akatia mdomo kufuli.