Mlango wa Dereva

Kabla hata salamu hazijaitikiwa, Tharcisse alikwisha tema mate mbele ya viatu vya mjane wa nduguye.

"Ondoka hapo," alisema. "Gari ya ndugu yangu haichungwi na mwanamuke."

Kaneza hakusogea. Alikuwa ameegemea boneti ya Chevelle ile ya mwaka wa sabini, nyekundu iliyopauka, katikati ya gereji ya fundi Simiyu huko ng'ambo, mjini Gaithersburg, ambako mvumo wa barabara kuu haukatiki mchana wala jioni. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, angali na sare ya kulelea wazee, na kichwani kitambaa cha msiba.

"Nimekusikia, shemeji," alijibu. "Na mate yako nimeyaona. Tangu lini ukaitemea gari unayoipenda?"

Gari lilikuwa la Gervas, mume wa huyu na ndugu wa yule. Alilinunua likiwa gofu, akalifufua kwa mikono yake kila alipopata nafasi, na maradhi yakamchukua kabla hajalipaka rangi. Sasa mwaka ulikuwa unatimia, na Jumamosi iliyokuwa ikija Warundi wa pande zile wangekutana kwa ajili ya kuganduka, yaani kuondoa matanga. Siku hiyo hutangazwa mbele ya watu nani atakayeisimamia nyumba ya marehemu. Ilikwisha kubaliwa kwamba gari lile ndilo litakaloongoza watu kuingia katika uwanja wa kanisa, na kwamba atakayekaa nyuma ya usukani ndiye msimamizi: wa nyumba, wa watoto, na wa kila alichokiacha Gervas.

Tharcisse alidai kuwa Gervas alimwachia yeye amana hiyo akiwa kitandani pa kufia. Kaneza alidai kuwa ameachiwa yeye. Hapakuwa na shahidi. Neno moja tu hawakulibishania: Gervas alitaka gari lirudishiwe rangi liliyotoka nayo kiwandani.

Neno hilo ndilo alilolishika Mzee Elie. Yeye alikuwa mushingantahe, mmoja wa wale ambao Warundi huwaweka kuamua kesi zao kwa insafu, na hata ng'ambo hii hukumu yake haikuwa ikipuuzwa. Alikaa juu ya tairi kuukuu, suti yake imenyooka, wazee wawili wameketi kuume na kushoto kwake.

"Gervas aliniambia kanisani kwamba ameijua rangi ya gari lake, naye hakunitajia," alisema. "Aliyeaminiwa naye bila shaka alitajiwa. Kila mmoja aseme, kisha fundi akwangue tuone." Akageuka. "Bwana Simiyu, fimbo yangu nimeisahau nyumbani. Nipatie yoyote."

Simiyu, Mkenya wa Bungoma mwenye ulimi mkali, aliokota kijiti benchini. "Mzee, hiki ni cha kukorogea rangi."

"Leo kitakorogea haki." Elie akagonga sakafu. "Mwajua desturi. Atakalonena mtu baada ya fimbo kugonga halifutiki. Halirudishwi kwa kilio wala kwa kiapo. Tharcisse, wewe ndiwe mkubwa."

"Mimi njo mukubwa, ndiyo," alisema Tharcisse, na kifua chake kikatangulia mbele. "Ndugu yangu aliniambia: nyeusi. Gari ya mwanaume. Alisema, 'Kaka, ipake nyeusi, na uiendeshe weye.' Huyu mwanamuke hajui hata tofauti ya injini na sufuria. Ameiweka gari apate kumubebea bwana mupya."

Mzee mmoja aliguna. Kaneza hakumtazama shemejiye, alimtazama Elie.

"Kijani," alisema. "Aliniita hapa hapa, mikono imejaa vumbi la msasa. Alinionyesha ukingo wa mlango wa dereva, mahali alipokwangua, kabla hajapafunika tena na nyekundu pasishike kutu. Alifurahi kama mtoto. Akasema, 'Kaneza, ndiyo rangi iliyozaliwa nayo hii, kijani cha majani ya chai.' Bwana mpya simjui. Ningekuwa namtafuta, nisingemtafuta kwa gari lisilo na viti vya nyuma."

"Funga kinywa!"

"Fimbo imegonga, Tharcisse," alisema Elie. "Fundi, kazi ni yako."

Simiyu alichukua msasa wa maji, akainamia boneti. Nyekundu ikatoka, na chini yake ukatokeza weusi. Tharcisse akapiga kofi moja kubwa.

"Munaona? Munaona!"

"Tulia, boss. Boneti hupakwa na kila mpita njia." Simiyu aliendelea kusugua, na weusi nao ukaisha, na chini yake palikuwa na rangi ya awali ya kuzuia kutu tu, hapana zaidi. "Hii nyeusi ni ya mtu aliyekuja baadaye. Walikwangua yote kabla ya kuipaka. Haisemi kitu."

Akaenda kwenye mlango wa dereva, akasugua ukingo wake wa ndani, pale Gervas alipoanzia. Nyekundu ikapisha, na kijani kikatoka, kizito, cha kuiva, hadi kwenye bati. Machozi yalimtiririka Kaneza bila sauti. Wale wazee wawili wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Hapo Tharcisse akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyengojea muda mrefu.

"Mulango!" alisema. "Wanamushangilia kwa mulango! Huo mulango si wa gari hii, bajinga nyinyi! Nimeuleta mimi, kwa mikono yangu, kutoka kwa magari mabovu kule muji wa Frederick. Gari niliigonga kwa nguzo wakati Gervas alikuwa Bujumbura kwa maziko ya baba. Mulango ukakunjika kama karatasi. Nikatafuta mwingine, nikaupaka nyekundu, nikaufunga. Kijani ni ya gari ingine! Huyu amesema uongo mbele ya fimbo!"

Kaneza aliutazama ule ukingo wa kijani kana kwamba umemsaliti.

"Tumalize kukwangua kwanza," alisema Elie kwa upole.

Simiyu alifungua buti, akafunua zulia lililooza, akakwangua pembeni mahali ambapo jua halikupata kufika. Akarudi mbele, akafuta kwa tambara lenye mafuta kile kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye ukuta wa injini, akasoma tarakimu za rangi ambazo kiwanda kiliziandika humo mara mbili, za bodi na za paa. Akazilinganisha na vipande vya rangi vilivyobandikwa ukutani mwake.

"Haya, poleni nyote," alisema. "Si nyeusi, si kijani. Ni dhahabu hii hapa, iliyofifia. Kwetu tungesema chai ya maziwa. Kwenye buti ndiyo hiyo hiyo, na kibati kimekubali."

"Basi nimeshinda," alisema Tharcisse.

"Kwa nini?" aliuliza Elie. "Wewe ulisema nyeusi."

"Na yeye alisema kijani! Tumekosa sote, na mukubwa ni mimi."

Elie alikigeuza kile kijiti mkononi. "Mlango ulipoubadilisha, ulimwambia Gervas?"

"Ningemwambia vipi? Angeniua."

"Hakujua kamwe?"

"Mpaka anaingia kaburini hakujua." Majivuno yalikuwa bado yamo katika sauti yake.

"Basi alipokwangua mlango ule, aliona nini?"

Tharcisse aligeuka kuutazama mlango.

"Aliona kijani," alisema Elie, "na hakuwa na sababu ya kuushuku mlango wake mwenyewe. Aliamini kuwa ni kijani. Mtu aliyeamini kijani hawezi kumwambia nduguye nyeusi. Mimi sikuuliza gari limezaliwaje. Niliuliza Gervas alisema nini. Kaneza ametuletea neno la mumewe kama alivyolipokea, pamoja na kosa lake. Wewe umetuletea neno lako." Akagonga sakafu. "Funguo ni za Kaneza, na nyumba ni yake kuisimamia."

"Nilisema kwa hasira! Nafuta!"

"Desturi unaijua."

Uso wa Tharcisse ulibadilika. Aliwatazama wazee mmoja mmoja kwa chuki iliyo wazi, kisha macho yake yakatua pale kwenye kijani.

"Mulango ni wangu," alisema polepole. "Nimeununua mimi. Hata fimbo yenu imesikia. Naomba mulango wangu, sasa hivi."

"Shemeji," alisema Kaneza, "watoto wa nduguyo watakaa nami mbele, ndani ya gari hili."

"Wakae na upepo."

Mzee Elie alifumba macho kidogo. Kisha, kwa kuwa haki haichagui wa kuipenda, akasema: "Mlango ni wake."

Simiyu alilaani kwa Kibukusu, akachukua spana. Bawaba zililia, mlango ukatoka. Tharcisse aliubeba mgongoni, mzito, ukimkwaruza shingo, akatoka nao nje. Hakuwa na la kuufanyia. Mlangoni mwa gereji aligeuka.

"Kuganduka kwenu sifiki. Mutakula bila ukoo."

"Tutakubakizia sahani," alisema Kaneza, "na hatutaitemea mate."

Alipokwisha kwenda, Simiyu alipangusa mikono. "Mama, nipake gani? Kijani nakiweza. Mzee wako alikipenda."

Kaneza aliinamia buti lililokuwa wazi. Ile rangi ya kwenye buti hakuipenda hata kidogo.

"Alisema ya kiwandani," alisema. "Paka hiyo hiyo ya chai ya maziwa."

"Na mlango? Nikipiga simu mbili tatu, Ijumaa utakuwa nao."

"Usinitafutie mlango kabla ya Jumamosi."

Jumamosi gari lilishushwa kutoka mgongoni mwa lori kwenye lango la kanisa, liking'aa dhahabu iliyofifia, ubavu mmoja uko wazi kama jeraha. Watu wa Tharcisse walikuwa wamesimama upande huo huo, mikono wameifumbata kifuani, wasiamkie mtu. Kaneza alipita nalo mbele yao kwa mwendo wa taratibu, na kwa kuwa hapakuwa na mlango, hakuna aliyeweza kudai hakuona ni nani aliyekaa kwenye usukani.