Ulong Si Uongo

Dada Mkubwa alikuwa mwonjaji wa chai kwenye kampuni yetu kwa miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa mpimaji wake: napima majani, nachemsha maji, naosha vikombe. Mwaka jana homa ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka pua ilikuwa imekufa ganzi. Hakusikia harufu ya kitunguu wala ya moshi. Miezi minane alijifundisha upya nyumbani, akinusa sabuni, mdalasini na maganda ya chungwa kila asubuhi kabla watoto hawajaamka. Pua ikarudi. Sisi wa chumba cha kuonjea tulijua. Meneja hakutaka kujua.

Siku moja akamwambia ahamie stoo ya maboksi. Mshahara uleule, kazi nyepesi.

"Baba watoto naye kaniambia nikubali," Dada Mkubwa alinisimulia kesho yake akifunga aproni. "Eti, mke wangu, umeonja vya kutosha, pumzika. Nikamwambia nitapumzika nikichoka. Mimi sijachoka."

Akapanda ngazi moja kwa moja hadi kwa meneja. "Nipime," akamwambia mbele ya karani. "Nikishindwa, stoo nakwenda kwa miguu yangu mwenyewe."

Meneja alikubali upesi mno. Alhamisi saa nne asubuhi alishuka na karani wake na vipakiti vitano, kavitia namba kwa mkono wake. Nikapima, nikamimina maji, nikasubiri dakika zake. Dada Mkubwa akapita mezani na kijiko, akivuta chai kwa kishindo na kutema kwenye ndoo. Kikombe cha kwanza alikitaja, na shamba kilikotoka akalitaja. Cha pili vilevile. Cha tatu kilimkwamisha. Alikirudia mara tatu.

"Hiki sikijui."

"Bahatisha basi," meneja akasema.

"Sibahatishi. Andika hajui."

Karani akaandika. Cha nne akakipata. Cha tano kilikuwa na maji ya rangi ya asali nyepesi. Alivuta, akafumba macho, akavuta tena. Safari hii hakutema.

"Hii ni ulong," akasema polepole. "Majani yamenyaushwa mpaka yakatoa harufu ya maua, kisha yakazuiwa yasiive kabisa. Si ya kijani, si nyeusi. Lakini chini ya maua kuna uzito, kama maji yaliyochemshiwa mwani. Huo uzito ni wa michai ya Japani. Ulong ya Japani."

Meneja akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kweli imetoka Japani. Lakini Japani ni chai ya kijani, nani asiyejua? Hii imeharibika tu, nimeionja mwenyewe. Ulong gani? Sema ni uongo!"

Akamsukumia fomu. Ilikuwa imeshapigwa chapa: makosa mawili kati ya matano, ahamishwe. "Weka sahihi."

Dada Mkubwa aliisoma bila haraka. "Makosa mawili. Uliyahesabu lini, bosi, hata kabla sijaonja?"

Karani akakohoa. "Bosi, ile chai ilikuja na barua Jumanne. Ulisema niiweke kwenye faili." Akaitoa, akasoma kwa sauti ndogo. Mkulima alikuwa ameandika kwamba anatuma ulong yake, kwamba kwao wanaoitengeneza ni wachache, na kwamba angependa kusikia maoni ya mwonjaji.

"Haya, hiyo moja umepata," meneja akasema, uso umemwiva. "Cha tatu bado hukujua."

Sijui nilipata wapi ulimi. "Cha tatu nilikipima mimi," nikasema. "Kilikuwa na nyuzi za gunia. Ni takataka za kufagia ghalani."

"Wewe nani kakuuliza?"

"Mimi namuuliza," Dada Mkubwa akasema. Akachukua kalamu, akachora mstari juu ya fomu nzima, akaandika chini yake: *Siondoki.* Akatia sahihi. Kisha akavuta kiti, jambo ambalo hatulifanyi kazini, akaniambia nitie maji ya pili kwenye ile ulong. Akainywa yote, akimeza, huku meneja amesimama anamtazama. Karani naye akaomba kikombe.

Wiki iliyofuata niliandikiwa barua ya onyo. Ya kumhamisha Dada Mkubwa haikuja. Badala yake ilikuja amri kwamba atapimwa kila mwezi.

"Nimekubali," akamjibu meneja. "Ila vikombe vinapangwa na mpimaji, na wewe unaanza kuonja kabla yangu."

Mwezi ukaisha nikapanga vikombe vitano, nikachemsha maji. Saa nne ikafika, ikapita, meneja hakushuka. Dada Mkubwa akatazama mlangoni, akachukua kijiko.

"Lete sampuli za leo," akaniambia. "Kazi imelala."